Mzee wa Sagalla Atembelea Mbuga ya Tsavo

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akiisha kupita Maungu na kuukaribia mji wa Voi, huiona nchi ikigeuka sura. Udongo huwa mwekundu kama tofali lililochomwa sawasawa. Mibuyu husimama mmoja mmoja katikati ya vichaka vya miiba, ambavyo wakati wa kiangazi havina hata jani moja. Mahali hapo njia zote za nchi hii hukutana na kwenda bega kwa bega: reli ya zamani, reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, barabara kuu, nyaya za umeme, na chini ya udongo bomba la maji liendalo Mombasa. Abiria wengi hupita hapo wamelala usingizi, na waliomacho huchungulia dirishani upande wa kaskazini wakitumaini kumwona ndovu. Wachache sana hutazama upande wa pili, chini ya kilima cha Sagalla, ambako kuna mashamba ya mahindi na kunde, na nyumba za watu ambao hawana haja ya kuchungulia dirishani ili wamwone ndovu.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, kiangazi kilipokuwa kimefika ukingoni na watu wakitazama mawingu kila jioni, mzee mmoja wa Sagalla ya chini aliingia mbuga ya Tsavo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Umri wake umepita miaka sabini. Mbuga ilimtangulia duniani kwa miaka michache tu, nao wameishi wakipakana siku zote hizo. Lakini aliijua kama mtu amjuavyo jirani mgomvi, yaani kwa kelele zake za usiku na kwa hasara aliyoikuta asubuhi.

Shamba lake ni ekari tatu. Msimu uliotangulia alilima yote, akapalilia mara mbili, na mahindi yakakubali. Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya kuvuna, ndovu kumi na mmoja waliingia baada ya saa sita za usiku, na kulipopambazuka hapakuwa na mahindi ya kuhesabu. Sheria ya wanyama wa mwituni ya mwaka 2013 inasema kwamba mwenye shamba lililoharibiwa namna hiyo alipwe. Basi mzee alikwenda katika ofisi inayohusika akajaza karatasi, na afisa mmoja akaja, akalipima shamba kwa hatua za miguu, akaandika na kuondoka. Malipo hayajafika. Wakulima wa sehemu hizo hawalishangai jambo hilo, kwa maana kila kijiji kina watu wenye karatasi kama hiyo wamezihifadhi ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo.

Mpwa wake ni karani huko Mombasa. Alipopata habari hizo aliandaa chumba cha nyuma katika nyumba yake, akanunua kitanda kipya, akamwomba mzee aache kulima na kuja kukaa naye. Mzee hakukataa wala hakukubali. Ndipo ikatokea kwamba akina mama wa kikundi cha kufuga nyuki walikodi gari kwenda kutembea Tsavo kwa siku moja, na nafasi mbili zikabaki. Mpwa alikuja Voi kwa treni ya Ijumaa ili ampeleke mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja tukawaone wanyama."

"Marahaba. Mimi, mpwa wangu, nimewaona wa kunitosha. Tena nilipe fedha ili nikawatazame wezi?"

"Nitalipa mimi, mjomba. Na safari hii utawaona mchana."

Mzee akacheka, na jambo likaisha hapo.

Lango la Voi hufunguliwa saa kumi na mbili za asubuhi, na anayetaka kuona kitu hana budi kuwapo wakati huo, kwa kuwa jua likipanda wanyama wote wenye akili huenda kivulini. Raia wa Kenya hulipa ada iliyo ndogo sana kuliko ya mgeni. Fedha zenyewe huenda kwa serikali kuu na shirika lake la wanyama, na viongozi wa Taita Taveta wamedai kwa miaka mingi kwamba kaunti yao, ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga, igawiwe sehemu inayostahili. Dai hilo si la kupuuzwa. Mtu aliyetoa zaidi ya nusu ya kiwanja chake ana haki ya kuuliza habari za kodi.

Tsavo ilifanywa kuwa mbuga ya taifa tarehe 1 Aprili 1948. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na ilipoonekana kwamba mtu mmoja hawezi kuitunza yote, iligawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wakubwa wa wakati ule waliichagua nchi hiyo kwa sababu waliiona kuwa kavu, yenye mbung'o na isiyofaa kwa kilimo, kana kwamba haikuwa na watu. Lakini watu walikuwamo. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa wakiwinda humo kwa pinde kubwa ambazo mtu asiyezoea hawezi kuzivuta, na mishale yao iliyopakwa sumu iliyochemshwa kutoka katika mti ilimwangusha hata ndovu. Katika miaka ya 1956 na 1957 ilifanyika kampeni kali ya kuwakamata, na wengi wakafungwa. Waliingia kizuizini kwa kazi ile ile ambayo babu zao walisifiwa kwayo. David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa Tsavo Mashariki tangu mwanzo hadi mwaka 1976, alikuwa miongoni mwa walioiongoza kampeni hiyo. Na yeye mwenyewe alijua kwamba hakuna watu walioifahamu nchi ile na ndovu wake kuwashinda Waata.

Gari lilikwenda polepole katika barabara ya udongo. Akina mama walionyeshana choroa wenye pembe ndefu zilizonyooka, na swala twiga, mnyama asimamaye kwa miguu miwili ya nyuma ili afikie majani ya juu. Walimwona mbuni na majike zake, na kanga wengi mno. Simba hawakuonekana. Dereva alisikitika kwa ajili hiyo, kwa maana madereva wengi wa mbuga hudhani kwamba siku isiyokuwa na simba ni siku iliyopotea. Mzee hakumjibu kitu. Alikuwa akitazama mibuyu, ambayo magome yake yalikuwa yamechunwa kutoka chini hadi kimo cha watu wawili, na mingine imetobolewa hata mtu angeweza kuingia ndani yake.

"Kazi yao hii," alisema, "naijua mwandiko wake."

Walipofika penye dimbwi, walikuta ndovu wamekwisha kutangulia. Walikuwa wengi, labda arobaini, na wengine walikuwa wakitoka vichakani kwa mstari, wakubwa mbele na nyuma, watoto katikati. Rangi yao ilikuwa ile ile ya udongo, nyekundu, kwa sababu hujipaka matope na kujimwagia vumbi ili kujikinga na jua na inzi. Dereva alizima mtambo. Hakuna aliyenena. Sauti iliyosikika ilikuwa ya maji yakimiminwa makooni, na mara kwa mara mngurumo mzito wa chini, ambao mtu huusikia kifuani kabla ya kuusikia masikioni.

Mzee aliwahesabu mara mbili. Kisha akauliza ndovu mmoja hula kiasi gani. Dereva akasema kwamba ndovu mkubwa aweza kula kilo 150 kwa siku, na kunywa zaidi ya lita 100 za maji. Mzee akanyamaza kidogo, kwa kuwa mkulima yeyote wa nchi hii hupima kwa gunia, na gunia la mahindi ni kilo 90.

"Gunia moja na nusu na zaidi," akasema. "Kila siku. Na wale wangu walikuwa kumi na mmoja." Akawatazama tena. "Walijitahidi kula haraka, basi, maana kabla ya jogoo walikuwa wamekwisha kuondoka."

Jike mmoja mzee aliongoza kundi lililokuwa karibu na gari. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea na sikio moja limepasuka. Dereva alieleza kwamba ndovu hupewa meno ya kutafunia mara sita katika maisha yake. Seti moja ikiisha hutoka na nyingine huja kutoka nyuma, na ile ya sita ikisagika, karibu na umri wa miaka sitini, hawezi tena kutafuna, hata majani yakiwa tele, naye hufa. Mzee, ambaye amebakiwa na meno manne ya mbele, alisema kwamba yeye alipewa mara mbili tu, wala hakuna aliyemhurumia. Akina mama wakacheka, na yule jike akainua kichwa na kuangalia upande wa gari, kisha akarudia maji yake. Ubavuni pake palikuwa na mtoto ambaye bado hajajua kutumia mkonga. Alipiga magoti akanywa kwa mdomo kama ndama. Mimba ya ndovu huchukua miezi ishirini na miwili, na jike mmoja huzaa mara moja tu kwa miaka minne au mitano. Kwa hiyo ndovu wakipungua, hawarudi upesi.

Na Tsavo wamepungua zaidi ya mara moja. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wengi kupita kiasi, zaidi ya 30,000 katika mbuga na nchi iliyoizunguka, nao walikuwa wakiangusha miti hata vichaka vikageuka kuwa uwanda wa majani. Mtaalamu mmoja, Richard Laws, alishauri kwamba baadhi yao wapigwe risasi ili nchi isije ikaharibika. Sheldrick alikataa, akasema kwamba nchi yenyewe itajirekebisha. Wenye elimu wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Mvua ilikata shauri kabla yao: katika ukame wa miaka ya 1970 na 1971 walikufa ndovu wapatao 6,000, na wengi wao walikuwa majike na watoto, kwa sababu mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji kutafuta malisho. Hawakufa kwa kiu. Walikufa kwa njaa, wakiwa wamesimama karibu na maji. Yule mzee alikuwa kijana wakati huo, naye alikumbuka mizoga iliyolala vichakani, na upepo ulioleta harufu.

Baada ya njaa zikaja bunduki. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili hawakungoja ruhusa ya mtu, na kufikia mwaka 1988 hesabu ya ndovu wa Tsavo ilikuwa imeshuka hata karibu na 5,000. Faru, ambao hapo zamani walikuwa maelfu, walikuwa karibu kwisha kabisa. Ndipo, mwezi wa Julai 1989, Rais Moi akachoma tani 12 za pembe za ndovu hadharani huko Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe. Tangu hapo hesabu imepanda, na mwaka 2021 ndovu wa Tsavo walihesabiwa kuwa karibu 15,000. Mwaka uliofuata ukame ukarudi, na katika Kenya nzima walikufa zaidi ya 200 kwa miezi tisa tu.

Jambo ambalo hesabu hizo hazisemi ni kwamba wakati ndovu walipokuwa wachache, watu wa Sagalla ya chini walilima hadi ukingoni bila shida kubwa, wakajenga, wakazaa. Ndovu walipoongezeka tena walikuta njia zao za zamani zimeota mahindi. Kisha reli mpya ikajengwa juu ya tuta refu, yenye mapito ya wanyama chini yake, ili ndovu waweze kuvuka kutoka mbuga ya Mashariki kwenda ng'ambo. Wahandisi walifanya vema, na ndovu wameyatumia mapito hayo. "Wanapita chini ya reli kwa utaratibu," mzee alimwambia mpwa wake, "kama watu waliokata tikiti. Na kituo chao cha kwanza ni kwangu."

Gari lilikaa penye dimbwi kwa saa nzima. Dereva alipotaka kuondoka, mzee ndiye aliyemwomba angoje kidogo.

Kutoka hapo walikwenda hadi mwamba wa Mudanda, jiwe moja refu kama paa la kanisa lisilo na mwisho, ambalo maji ya mvua huteremka ubavuni mwake na kujaza bwawa lililo chini. Wakati huo bwawa lilikuwa matope makavu yenye alama za nyayo. Wakatokea lango la Manyani. Wenye umri hawapendi kulitaja jina hilo, kwa kuwa maelfu ya watu waliwekwa kizuizini hapo wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, ndani ya seng'enge na chini ya jua lile lile ambalo abiria hulilalamikia kwa dakika kumi. Gari lilipita bila kusimama.

Penye daraja la mto Tsavo kila mgeni husimuliwa habari ya simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, mpaka mhandisi J. H. Patterson alipowaua mwezi wa Desemba. Habari hiyo ni ya kweli, na ngozi za simba hao ziko katika jumba la makumbusho huko Chicago. Lakini imesimuliwa kupita kiasi. Dereva aliisimulia tena. Akina mama walisikiliza kwa adabu huku wakila viazi.

Ilikuwa imepita saa nane za mchana walipofika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Msomaji ambaye hajafika huko hana budi kuwaza hivi: umesafiri asubuhi nzima katika nchi iliyokauka, vumbi jekundu limekuingia kooni, na juu ya mawe meusi ya volkano hakuna kitu kibichi. Kisha njia inateremka kidogo, na kwa ghafula kuna mitende, na mitini mikubwa, na ndege, na mbele yako maji safi hata unaona changarawe iliyo chini na samaki wanaopita juu yake. Maji hayo huanguka kama mvua juu ya vilima vya Chyulu, huzama katika mawe yenye matundu mithili ya sifongo, husafiri chini ya ardhi kilomita nyingi, na hapo Mzima hutokea yakiwa yamechujika. Hutiririka kama kilomita mbili tu, kisha hukutana na ulimi wa mawe ya volkano na kuzama tena.

Askari mwenye bunduki aliwatangulia kwa miguu, kwa sababu ya viboko na mamba. Viboko walikuwa wachache, wamezamisha miili na kuacha masikio. Askari alisema kwamba hapo zamani walikuwa wengi zaidi, lakini ukame wa mwaka 2009 uliwaua kwa njaa, maana usiku hutoka majini kwenda kula majani, na majani hayakuwapo. Kuna chumba kilichojengwa chini ya maji chenye madirisha ya vioo. Akina mama waliingia kwa zamu, wakatoka wakisema kwamba samaki ndio waliokuwa wakiwatazama wao.

Mzee hakuingia. Alikuwa amesimama ukingoni, kofia mkononi, akitazama maji.

"Mpwa wangu," alisema baadaye, "haya ndiyo mnayokunywa Mombasa?"

"Ndiyo, mjomba. Baadhi yake. Siku yanapotoka."

"Nayo yanafikaje huko?"

Mpwa akamweleza alichokijua: kwamba katika miaka ya 1950 serikali ilijenga mtego wa maji ndani ya mawe, na bomba lenye urefu wa kilomita zipatazo 220, na kwamba maji huteremka kwa uzito wake mwenyewe hadi pwani, bila mashine ya kuyasukuma, kwa sababu Mzima iko juu na Mombasa iko chini. Voi nayo hupata sehemu yake. Bomba la pili limezungumzwa kwa miaka mingi.

"Na Sagalla?"

Mpwa akanyamaza. Nyumbani kwa mjomba wake maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, huletwa kwa pikipiki, na kiangazi kikizidi bei hupanda. Visima vilivyochimbwa sehemu hizo vingi ni vya chumvi. Hilo si jambo la Sagalla peke yake. Mwaka 2018 faru kumi na mmoja waliohamishiwa Tsavo Mashariki kutoka Nairobi na Nakuru walikufa wote, na walio wengi waliuawa na maji yenye chumvi ambayo hawakuyazoea.

"Basi yamepita mlangoni pangu tangu nilipokuwa mtoto," mzee alisema, "nami nilikuwa nimelala." Akainama polepole, akachota maji kwa kiganja, na askari, ambaye kazi yake ilikuwa kumkataza mtu asikaribie ukingo, aliangalia upande mwingine. Mzee akanywa. Akasema kwamba ni matamu.

Walirudi jioni jua likiwa nyuma yao, na gari likawaacha njiani giza lilipokuwa limeingia. Mpwa alidhani kwamba mjomba wake atataka kula na kulala. Badala yake mzee alichukua tochi akateremka shambani, na kijana akamfuata. Ukingo wa juu wa shamba, unaopakana na wa mama mmoja wa kile kikundi, ulikuwa na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa juu ya nguzo, mmoja kila baada ya mita kumi, mzinga halisi na ubao wa bandia kwa zamu, na waya mmoja umeiunganisha yote. Ndovu akiusukuma waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia, kwa kuwa huumwa machoni na ndani ya mkonga. Wataalamu walioijaribu kazi hiyo huko Sagalla wameona kwamba ndovu wengi waliofika penye ua wa namna hiyo waligeuka na kurudi. Si wote. Lakini akina mama huuza asali pia, na karatasi ya fidia haijapata kutoa asali.

Mahali ua ulipokwisha, nyayo zilikuwa zimejaa. Ndovu alikuwa amefuata waya hadi nguzo ya mwisho, akazunguka, akaingia. Mzee aliweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja, na kiatu chake kilionekana kama cha mtoto.

"Wamekwisha jua mahali ua unapokoma," alisema. "Si wajinga. Leo nimewatazama nyuso zao, si wajinga hata kidogo."

"Mjomba, na kile kitanda?"

"Mpe mtoto wako wa kwanza. Amekua." Akazima tochi ili asimalize betri. "Mvua ni ya wiki ijayo au ile nyingine. Mimi nataka waya."

Siku ya Jumapili mpwa alipanda treni kurudi Mombasa. Alipata kiti upande wa dirisha, wa kusini safari hii, na treni ilipopita juu ya tuta akaiona Sagalla na paa la mabati la mjomba wake kwa muda mfupi. Kisha akatoa karatasi na kuandika kwa mwandiko wa ofisini: waya mita mia mbili, misumari ya inchi nne, kilo mbili, mizinga kumi, mbao za kutengenezea kumi ya bandia, nguzo, aulize bei Voi.